Fulana ya POW/MIA: maana yake na fedha zake zinakoenda

Fulana ya POW/MIA ni nguo, mara nyingi nyeusi, yenye nembo ya mateka wa vita (POW) na askari wa Marekani waliopotea vitani (MIA). Kwa kawaida huuzwa kwa ahadi kuwa sehemu ya fedha itawafikia wanajeshi wastaafu, mateka wa zamani au familia zao. Nembo ni jambo moja, mchango ni jambo jingine, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganywa.

Nembo yenyewe ilitoka kwenye bendera. Ilianza na Mary Hoff, ambaye mumewe, mwanajeshi wa majini, hakujulikana alipo wakati wa vita vya Vietnam. Mchoraji Newt Heisley akachora kivuli cha mwanamume aliyeinamisha kichwa, mnara wa ulinzi na waya wa seng'enge, chini yake maneno ya kusema hamjasahauliwa. Bunge la Marekani liliitambua rasmi mwaka 1990. Mchoro huo hauna hakimiliki, kwa hiyo yeyote mwenye mashine anaweza kuuchapa bila kumlipa mtu hata senti. Nembo ya Marine Corps, mojawapo ya matawi ya jeshi la Marekani, si hivyo: ni alama ya biashara, na kuitumia kibiashara kunahitaji leseni.

Kabla ya fulana kulikuwa na bangili. Chama cha wanafunzi cha VIVA, Los Angeles, kilianza kuziuza Novemba 1970 kwa dola 2.50, kila moja ikiwa na jina la askari, cheo na tarehe aliyopotea. Mvaaji aliahidi kutoivua hadi mtu huyo arudi au ijulikane yaliyompata. Fulana haimbebi mtu mmoja namna hiyo. Kwa maoni yetu, ndiyo maana ni rahisi kuigeuza bidhaa tupu.

Basi soma tangazo la muuzaji. Linapaswa kutaja kiasi kwa kila fulana, jina kamili la shirika linalopokea, na tarehe za kampeni. “Sehemu ya mapato” haikuambii kitu. Chukulia fulana ya dola 25 inayobakiza faida ya dola 8: asilimia 10 ya bei ni dola 2.50, lakini asilimia 10 ya faida ni senti 80. Maneno “inamilikiwa na mwanajeshi mstaafu” yanamhusu mwenye duka tu. Duka hilo linaweza lisichangie chochote. Jina la shirika ukishalipata, litafute kwenye orodha ya mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, kisha fungua fomu 990 ya shirika hilo, yaani taarifa yake ya fedha ya mwaka, uone kiasi kilichotumika kwenye huduma na kilichoishia kwenye uchangishaji.

Kitambaa nacho kina mambo yake. Wino mweupe wa plastisol, yaani wino wa plastiki wa kuchapia nguo, juu ya pamba nyeusi hukaa vizuri ukiivishwa kwenye joto la nyuzi 160 za Selsiasi hivi. Usipoiva, hupasuka baada ya kufuliwa. Kwenye poliesta, joto hilo huivusha rangi ya kitambaa hadi ndani ya wino, na ule uso mweupe ukawa kijivu. Hapo hutakiwa wino unaoiva kwa joto dogo.

Kuhusu kodi ya Marekani: ukinunua moja kwa moja kwa shirika la hisani, kinachohesabika kuwa mchango ni kile tu kinachozidi thamani ya fulana sokoni. Ukinunua kwenye duka la kibiashara, umenunua nguo, hata kama duka litachangia baadaye.