Mnene Naye Apewe Makosa Yake

Muswada wa vichekesho ukifika mezani kwangu, siuanzi ukurasa wa kwanza. Natafuta kwanza pale anapoingia mhusika mnene, maana hapo ndipo mwandishi hujianika. Akiingia na sahani mkononi, nishajua. Akiingia anahema kwa ngazi za maghorofa ya Michenzani, nishajua vilevile. Na nikiona kiti cha plastiki kimetajwa kwenye maelezo ya mandhari kabla hajafika, basi naweza kukuhadithia kilichobaki: kiti kitavunjika, wenzake watacheka, na yeye atacheka nao ili ionekane hakuumia.

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya michezo ya televisheni hapa Unguja, na siku nyengine nakaa na vijana wanaoanza kuandika. Wanachoniuliza sana ni kama imeshakuwa haramu kumcheka mnene. Si haramu. Vichekesho humcheka kila mtu, na mnene akiachwa peke yake bila kuchekwa, huko nako ni kumtenga, ila kwa adabu. Mie nauliza jengine: anachekwa kwa alilolifanya au kwa alivyoumbwa? Chukua kalamu, mwandike upya akiwa mwembamba, kisha usome tena. Mzaha ukibaki, mhusika yupo. Ukitoweka wote, hapo hamkuwa na mtu tangu mwanzo.

Wanaume wanene walipewa nafasi hiyo zamani sana. Mwaka 1955 Wamarekani walipata The Honeymooners kama mchezo kamili wa televisheni, Jackie Gleason akiigiza dereva wa basi wa New York aitwaye Ralph Kramden. Mkewe Alice ni mwembamba na ana ulimi, na tumbo la mumewe halimpiti bila kulirushia neno. Lakini hadithi haiendeshwi na tumbo. Inaendeshwa na tamaa ya Ralph, kila wiki na mpango mpya wa kutajirika haraka, na kila mpango unamrudia usoni. Ukimpunguza mwili, Ralph bado yupo. Kutoka kwake wakaja Fred Flintstone mwaka 1960, Homer Simpson aliyepata mchezo wake mwenyewe mwaka 1989, na mume wa The King of Queens mwaka 1998: wanene, wavivu au wajanja wa uongo, wenye wake wembamba, na hakuna anayeuliza wamewapataje.

Jirani zetu Kenya walitupa mfano bora zaidi, kwa maoni yangu. Papa Shirandula, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa, na mchezo mzima ulisimama juu ya uongo wake: anatoka nyumbani na suti, mkewe anajua mumewe ana kazi ya ofisini, kumbe akifika anabadilisha na kuvaa sare ya mlinzi wa getini. Mwili unaonekana, unachekesha hata anavyotembea, lakini kinachokukalisha kwenye kiti ni hofu ya kuwa leo atabambwa.

Sasa mtafute mwanamke wa namna hiyo. Steringi wa kike mwenye kasoro yupo tangu 1951, Lucille Ball alipoanza I Love Lucy: mwongo, mbishi, kila mara anajipenyeza kwenye onyesho la mumewe akiwa amejibadilisha sura. Tulimsamehe kila sehemu ilipokwisha. Miaka mingi baadaye, 2016, akaja Phoebe Waller-Bridge na Fleabag, mwanamke aliyemsaliti rafiki yake wa karibu na anayegeuka kuitazama kamera kila anapotaka tuwe upande wake. Mwaka huohuo Issa Rae akaanza Insecure, na Issa wake anaharibu mapenzi kwa mikono yake mwenyewe, halafu anajisemesha kwenye kioo cha choo. Ni kazi nzuri zote. Ila ukizipanga pamoja utaona waliopewa ruhusa ya kukosea mbele ya kamera, kwa sehemu kubwa, ni wembamba.

Mnene alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa rafiki wa steringi, jirani, au mpishi. Au alikuwa steringi huyohuyo kabla hajapungua, na hapa ndipo Monica wa Friends, vichekesho vya Marekani (1994–2004), anaponisaidia kufundisha kuliko mhusika mwengine yeyote. Monica tunayemjua ni mwembamba na ana kasoro tele. Anapenda kutawala, hakubali kushindwa hata kwenye mchezo wa karata, kitu kikikaa upande nyumbani kwake hapati usingizi. Kasoro hizo ndizo zilizombeba misimu 10. Halafu mwaka 1996 waandishi wakatuonyesha kanda ya zamani ya familia, Courteney Cox anayemuigiza kavalishwa mwili wa bandia, ndiye Monica wa siku za skuli. Wakampenda, wakamrudisha 1998, wakamrudisha tena 2000 katika hadithi ya “ingekuwaje” ambamo hakuwahi kupungua.

Angalia kilichompata humo. Ule ukali umefifia. Kabaki mchangamfu, mwenye chakula mkononi, anayecheza ngoma kwa furaha ya mtoto, na mpaka umri ule hajawahi kulala na mwanamume, jambo ambalo waandishi wanalitumia kama mzaha mkuu. Mwanamke ni yuleyule na waandishi ni walewale, lakini walipomuongezea nyama walimpunguzia tabia. Nikiwaonyesha vijana sehemu ile na kuwaomba waandike kasoro za Monica wa sasa upande mmoja na za yule wa zamani upande mwengine, upande wa pili unabaki na neno moja tu, na si kasoro ya moyo.

The Parkers (1999–2004) ilijaribu kwenda mbele na ikakwama katikati. Nikki Parker, aliyeigizwa na Mo'Nique, anajiona mzuri, anavaa akapendeza, hana haya ya mwili wake hata kidogo. Mambo hayo yalikuwa machache kwenye televisheni wakati ule. Lakini kwa miaka yote anamkimbiza profesa mmoja, na mzaha ni kuwa profesa anakimbia. Yaani tunaombwa tucheke kwa sababu mnene ametaka. Mwishoni wanaoana, na mie hadi leo sijui kama ndoa ile ilikuwa malipo au ni namna ya kufunga duka.

Waliofaulu walifaulu kwa njia ambayo ukiieleza inaonekana nyepesi. Roseanne ya 1988 iliweka mume na mke, wote wanene, kwenye nyumba yenye bili zisizolipwa na kochi lililochakaa, na ikawaacha wagombane kuhusu pesa. Mwaka 1994 Kanisa la Anglikana la Uingereza liliwapa wanawake wa kwanza upadri, na mwaka huohuo Dawn French akatokea kwenye The Vicar of Dibley akiwa padri wa kijiji. Ana mwili, anaficha chokoleti, na mizaha ya chokoleti haiishi. Lakini kijijini mwenye akili ni yeye, na waliobaki ndio vituko. Mike & Molly (2010–2016) sitaisemea sana: wapenzi wanakutana kwenye kikundi cha watu wanaopambana na ulaji, na mwanzoni kila mtu aliyewazunguka alikuwa na mzaha wa kilo. Melissa McCarthy aliibeba kwa mabega yake.

Iliyokwenda mbali ni Shrill (2019–2021), na Aidy Bryant ndani yake kama Annie. Watu wengi hukumbuka sehemu ya sherehe ya bwawa la kuogelea, wanawake wanene wamejaa na kamera inapita kati yao bila kumtafuta wa kumcheka. Kwa mwandishi, chenye thamani zaidi ni kuwa Annie ni mbinafsi. Anamtumia rafiki yake, anasahau shida za watu, anaamini aliyotendewa yanamruhusu kutenda. Hatimaye mnene kapewa dhambi za kwake.

Kwetu hali ina mambo yake. Unguja na Pemba aliyekuwa akitaniwa mtaani ni mwembamba: kimbaumbau, mwiko wa pilau. Bibi harusi huwekwa ndani, akasingwa kwa singo, yaani akasuguliwa mwili kwa manukato, akalishwa vizuri, ili siku ya kutoka awe amenawiri. Mama mtu mzima akiambiwa “umenenepa” alijibu alhamdulillahi na kuuliza hali ya watoto wako. Siku hizi sukari na presha zimeingiza hofu kwenye sifa ile, na wapo wanaoniambia kuwa kumwandika mnene kwa heshima ni kuyatangaza maradhi. Hospitali ina kazi yake. Sijaona bado aliyepungua kwa kuvunjikiwa kiti.

Ila msije mkadhani sifa ya jadi imetuokoa. Mwanamke mnene kwenye michezo yetu, akiwa si kichekesho, huwa ni mama mwema, somo anayemfunda mwali, au bibi mwenye hekima anayekaa barazani na kusuluhisha. Anaheshimiwa mpaka hana la kufanya. Na mnene wa kuchekesha mara nyingi si mwanamke kabisa, ni mwanamume aliyejifunga mito kiunoni akavaa dera. Kati ya mtakatifu na mito, hakuna anayekosea kama watu wanavyokosea.

Kijana mmoja alileta muswada wenye Bi Tatu, mama mwenye mwili, harusini, na kiti. Sikukikata kiti. Nilimuuliza Bi Tatu anafanya nini mtaani. Akafikiri, akasema ni kijumbe wa upatu. Ahaa! Anashika pesa za watu. Je, akizila? Sare ya harusi imetangazwa, kitambaa ni ghali, na Bi Tatu hawezi kukubali kukaa nyuma na nguo ya mwaka jana. Anachukua pesa za zamu ya Bi Mwaka, ananunua sare, anakaa mbele. Bi Mwaka yupo harusini. Daftari la upatu liko kwenye mkoba wa Bi Tatu, na mkoba hauna zipu. Anafanyaje? Analikalia.

Tokea hapo ukurasa ulijiandika:

“Shoga, inuka basi, pilau lishapakuliwa.”

“Nileteeni hapahapa. Mwauona mwili huu? Kuinuka kazi.”

“Na bibi harusi anakuita mpige picha.”

“Mwambieni aje yeye. Ana miguu mipya leo.”

Anajua wanavyomfikiria, na anaitumia fikra yao kama ngao. Wanacheka, wanamletea sahani, wanamwekea mto mgongoni, wanamuonea huruma. Sisi tunaocheka tunalijua daftari. Mwili haukufutwa kwenye mzaha, lakini sasa anaoutumia ni yeye. Na ukimwandika upya akiwa mwembamba, wizi wa upatu unabaki palepale na hofu ya kubambwa haijaondoka. Kinachokosekana ni hila yake moja nzuri, na itabidi mwandishi amtafutie nyengine.

Tulichobishana sana ni kamera. Mwongozaji alitaka ianze chini, kwenye kiti, ipande taratibu na mwili mzima mpaka usoni. Picha hiyo hutumika kwa wanene na majengo marefu, na maana yake kila mtazamaji anaijua kabla ya neno la kwanza. Nikamuomba aanze na macho ya Bi Tatu yakimfuata Bi Mwaka anavyopita baina ya viti, kisha vidole vyake vikirudisha ncha ya daftari iliyochungulia chini ya dera. Kiti kizima tukione mwisho, au tusikione. Mwigizaji wetu ana uso unaoweza kusema uongo na kujuta kwa mpigo mmoja, na kuupoteza uso kama huo kwa ajili ya miguu ya kiti ni hasara tupu.

Lililobaki halijatatuliwa. Mwandishi anataka Bi Tatu akiri na kuomba radhi mwishoni mwa sehemu ya kwanza, maana watazamaji wetu wanataka funzo na mama yake mwenyewe atauliza. Mie nataka aondoke harusini na daftari lake, ale pilau ya kufungiwa nyumbani, na wiki inayofuata akope kwa Bi Mwaka ili amlipe Bi Mwaka. Ameniambia atalifikiria. Muswada bado uko kwake.