Roma ilianguka mwaka 476, lakini kwa nani?

Muulize aliyesoma historia shuleni Dola ya Roma iliisha lini, atakujibu 476, mwaka ambao Odoacer, kamanda wa kijeshi, alimng'oa kaisari kijana Romulus Augustulus. Kwa Italia, sawa. Lakini Konstantinopoli, mji mkuu wa nusu ya mashariki ya dola (leo Istanbul), iliendelea kuwa na kaisari wake hadi 1453.

Simulizi hilo la anguko kwa kiasi kikubwa tumelirithi kwa Mwingereza Edward Gibbon, aliyeanza kuchapisha historia yake mwaka 1776. Kwake karne zile zilikuwa za kuoza, na sehemu ya lawama aliitwisha dini ya Kikristo.

Mwaka 1971 mwanahistoria Peter Brown, mzaliwa wa Dublin, aligeuza swali: je, ni nini kilichozaliwa katika karne hizo? Wamonaki wa majangwa ya Misri, Talmud (mkusanyiko wa sheria na mafundisho) ya Wayahudi wa Babeli, dola ya Wasasani wa Uajemi, na hatimaye Uislamu. Kilatini na Kigiriki pekee havikutosha tena. Wanahistoria wakageukia pia Kisiriaki, Kikopti na Kiarabu.

Ardhi nayo ikatoa ushahidi. Kwenye vilima vya mawe ya chokaa kaskazini mwa Syria yapo mamia ya mahame, nyumba zake za mawe bado zimesimama, pamoja na makanisa na mitambo ya kukamulia zeituni iliyochongwa mwambani. Georges Tchalenko alichapisha uchunguzi wake wa vijiji hivyo miaka ya 1950. Vingi vilistawi katika karne ya 5, wakati hasa tuliofundishwa kuwa kila kitu kilikuwa kinaporomoka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni sarafu za dhahabu za mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia. Ni ndogo sana, zina maandishi ya Kigiriki. Za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa cha mfalme. Za baadaye zina msalaba. Ukiziweka mbili kiganjani, unaona jumba la kifalme likibadili dini katika karne ya 4.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaodai kwamba hapakuwa na anguko lolote. Mwaka 2005 mwanahistoria Bryan Ward-Perkins aliturudisha kwenye vigae na vyungu. Kule Uingereza, katika karne ya 5, gurudumu la mfinyanzi liliacha kutumika, sarafu mpya zikakoma kuingia, na paa za vigae zikatoweka. Mkulima wa huko alikuwa anapoteza hata chungu kizuri cha kupikia, huku mwenzake wa Syria akijenga nyumba ya mawe kwa fedha za mafuta ya zeituni.