Bomba Moja kwa Vikaushio Vingi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaopanga chumba cha kufulia chenye vikaushio kadhaa huamini kwamba upana wa bomba kuu la kutolea hewa hupatikana kwa kujumlisha vipenyo vya mabomba madogo. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu kinachopitisha hewa ni eneo la tundu, nalo huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Vikaushio vinne vyenye mabomba ya milimita 200 vinahitaji bomba kuu la milimita 400, si 800. Aliyefunga la 800 hudhani kwamba upana wa ziada hauna madhara. Kumbe hewa iliyokuwa ikienda mita 8 kwa sekunde katika matawi hushuka hadi mita 2, ikashindwa kubeba vumbi la nguo, nalo likatua njiani. Ukilifungua bomba la namna hiyo unakuta tabaka la kijivu, laini na lenye unyevu, unaloweza kulibandua kama kipande cha blanketi. Likikauka, linashika moto upesi mno.

Kosa hilo huzaa jingine: kuweka ukubwa mmoja tangu kikaushio cha kwanza hadi cha mwisho, kwa kuwa ni kazi nyepesi kwa fundi wa mabati. Bomba linapaswa kupanuka kila tawi linapoingia: 200, takribani 283, takribani 346, ndipo 400. Kila tawi liingie kimshazari, kwa digrii 45 au pungufu, likifuata mwelekeo wa hewa, na matawi mawili yasielekezwe uso kwa uso.

Husemwa pia kwamba feni yenye nguvu mwishoni mwa bomba hurekebisha kila kasoro. Feni ya kasi moja tu, kikaushio kimoja kinapofanya kazi peke yake, huweza kukivuta hewa kupita kiasi na kupoteza joto lake. Inayofaa ni ile inayoongozwa na kipima mgandamizo, iliyounganishwa na vikaushio ili visiwake pale inapozimika.

Kuhusu wavu wa kuzuia ndege mdomoni mwa bomba, usiwekwe: huziba kwa vumbi. Skrubu zinazochomoza ndani nazo hulinasa vivyo hivyo.

Linalonisikitisha zaidi ni kusahauliwa kwa hewa ya kuingia. Kila mita ya ujazo inayotoka lazima ifidiwe na nyingine kutoka nje. Vinginevyo vikaushio hung'ang'ania hewa ile ile haba, nguo huchelewa kukauka, na pale vinapotumia gesi, moshi wenye kaboni monoksaidi, yaani gesi ya sumu, huweza kurudi chumbani walipo wafanyakazi. Washa vikaushio vyote, funga madirisha, kisha jaribu kuufungua mlango unaofungukia nje: ukiwa mzito kuliko kawaida, matundu ya kuingizia hewa hayatoshi.