Kufuatilia habari kila dakika hakutulizi moyo

Ugonjwa unapoenea, wengi huamini kwamba anayefuatilia habari saa zote ndiye atakayekuwa na utulivu, maana hakuna kitakachomshtua. Sivyo. Machi 2020, siku chache baada ya kutangaza kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia, Shirika la Afya Duniani lilishauri kinyume chake: tafuta taarifa mara moja au mbili kwa siku, kwa saa maalumu, kutoka vyanzo vya kuaminika.

Mwili hupokea idadi ya vifo inayosomwa kwenye simu saa nane za usiku kama vile hatari imeshafika mlangoni. Moyo unadunda, usingizi unapaa, kifua kinabana. Basi mtu anajiuliza, je, nami nimeambukizwa? Anarudi kwenye simu kutafuta dalili, na kifua kinazidi kubana.

Kama kuna homa au kikohozi, nenda ukapimwe. Usiku, simu ilale chumba kingine. Na hofu ikikunyima usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, tafadhali muone mhudumu wa afya; huo si upungufu wa imani hata kidogo.