VACUUM na ramani ya kurasa: tunayodhani na yanayotokea

Hapa Nakuru, mifumo inayohifadhi lita za maziwa za vyama vya ushirika huandikwa usiku na mchana, na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ikishasakinishwa huachwa ijisafishe yenyewe kwa amri yake ya VACUUM. Ni sawa kuiamini, ila kwanza tujue inasafisha vipi.

"Nimefuta rekodi za mwaka jana, diski itapata nafasi." Haipati. DELETE huiacha rekodi palepale kwenye ukurasa wake wa kilobaiti 8, ikiwa na alama tu ya kufutwa, kwani huenda muamala (kundi la amri linalotekelezwa kama kitu kimoja) ulioanza mapema bado una haki ya kuiona. Mkulima wa Njoro akirekebishiwa lita kwa UPDATE, nakala mpya huandikwa na ya zamani hubaki. VACUUM huja baadaye kuzoa, na nafasi hiyo hurudi kwa jedwali lenyewe; diski hurudishiwa tu kurasa tupu zilizo mwishoni mwa faili.

"VACUUM hufunga jedwali, kwa hiyo haiwezi kugongana na mtu." Dhana hii ndiyo inayonisumbua zaidi. VACUUM FULL ndiyo hufunga. VACUUM ya kawaida hupita huku karani akiendelea kuandika, na hapo ndipo kinyang'anyiro cha michakato, yaani matokeo kutegemea nani alitangulia, huzaliwa. Kila ukurasa wa jedwali una biti kwenye ramani ya mwonekano, mbili tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016: moja husema rekodi zote zinaonekana na kila muamala, nyingine husema zote zimegandishwa, yaani VACUUM haihitaji kuzirudia. Anayebadilisha rekodi lazima azime biti hizo. Lakini sehemu ya ramani inayohusika huenda bado iko diskini, na si vyema kuisubiri ukiwa umeshika kufuli la ukurasa. Kwa hiyo mchakato hutazama kwanza kama ukurasa una alama, huileta ramani ikihitajika, kisha hushika kufuli. Katikati ya hatua hizo VACUUM inaweza kupita na kuwasha biti. Dawa ni kutazama tena baada ya kushika kufuli. Hali ikiwa imebadilika, achia, lete ramani, shika upya. Ukisaka hitilafu ya aina hii, anza na msimbo ulioruka utazamaji huo wa pili.

"Biti ikiwa 0, ukurasa ni mchafu." Hapana, 0 ni kukosa uhakika tu, na gharama yake ni muda. Biti ya 1 isiyo kweli ndiyo ya kuogopwa: tangu toleo la 9.2, mwaka 2012, hoja inayojibiwa na faharasa (orodha ya kutafutia rekodi) pekee huiamini ramani bila kufungua ukurasa. Mkulima anaweza kuhesabiwa lita zilizokwisha kufutwa.

"Nimeongeza logi (kumbukumbu za kila hatua), tatizo limetoweka." Umebadilisha kasi ya michakato tu. Tumia debaga, zana ya kusimamisha programu na kuichunguza, usimamishe mchakato mmoja kati ya kutazama na kushika kufuli, mwingine upite. Kwenye seva yenyewe, sakinisha kiendelezi cha pg_visibility uite pg_check_visible. Ikirudisha rekodi yoyote, ramani imeharibika: ifute kwa pg_truncate_visibility_map, kisha VACUUM itaijenga upya.