Je, wajua kwa nini mhariri Robert Wise aliiva upesi kuwa mwongozaji wa filamu?

Robert Wise aliingia studio ya RKO, Hollywood, mwaka 1933 akibeba mikebe ya filamu kuipeleka vyumba vya maonyesho. Akapanda hadi kuhariri sauti, kisha picha. Baadaye akatwaa Oscar mbili za mwongozaji bora: West Side Story (1961), aliyoongoza pamoja na Jerome Robbins, na The Sound of Music (1965).

Siri iko kwenye meza ya kuhariri, kwa maana mhariri ndiye anayebeba mzigo wa kila shoti (kipande kinachopigwa kamera ikiwaka bila kukatizwa) iliyosahauliwa. Chukua mtu anayeketi. Shoti ya mbali inamwonyesha akianza kuinama, ya karibu inaanza akiwa ameshaketi. Hapo hapakatiki! Mkato mzuri hujificha ndani ya mwendo, kwa hiyo mwendo wote wa kuketi unapaswa kupigwa katika shoti zote mbili. Au kamera imevuka mstari unaowaunganisha wawili wanaozungumza: ukiunganisha shoti, wote wanaonekana kutazama upande mmoja badala ya kutazamana. Kasoro kama hizi nyingi hugunduliwa mezani, wakati seti imeshabomolewa na waigizaji wameondoka.

Meza hufundisha muda pia. Ukanda wa milimita 35 una picha 16 kwa kila futi na hupita picha 24 kwa sekunde. Ukikata futi moja na nusu, umeondoa sekunde nzima. Katika Citizen Kane (1941), iliyohaririwa na Wise, ndoa inapoa mbele ya macho yetu kwa vipande vifupi vya mume na mke wakila kifungua kinywa, vyote dakika chache tu. Na ile taarifa ya habari ya mwanzoni? Ukanda wake uliburutwa sakafuni ili upate mikwaruzo ya picha kuukuu.

Nafasi ilikuja kwenye The Curse of the Cat People (1944). Mwongozaji wa kwanza, Gunther von Fritsch, alichelewesha ratiba, na mtayarishaji Val Lewton akamkabidhi kazi Wise, aliyekuwa akiihariri filamu hiyohiyo. Hakuhitaji kuelezwa: alishajua vipande vilivyopo na vinavyokosekana.

Kwa maoni yetu, ustadi huo unaonekana zaidi katika The Set-Up (1949). Ni dakika 72 za usiku mmoja wa bondia, na muda wa hadithi ni uleule wa mtazamaji kitini. Hakuna kuruka hata saa moja, hivyo urefu wa kila tukio ulipaswa kupimwa kabla kamera haijawashwa.