Uwajibikaji wa taasisi kwa jamii ni nini hasa?

Ukifungua gazeti lolote la Kiswahili hutakosa picha moja: meneja wa benki au wa kampuni ya simu na mkuu wa wilaya wameshika mfano wa hundi, mkubwa kama mlango, na nyuma yao wanafunzi wamepangwa kando ya madawati mapya. Chini ya picha imeandikwa kwamba kampuni "imerudisha kwa jamii" sehemu ya faida yake. Kwa watu wengi uwajibikaji huo, au CSR kwa kifupi cha Kiingereza, huanzia na kuishia hapo: madawati, mabati, mifuko ya saruji, vitanda vya wodi ya wazazi, fulana zenye nembo.

Vitu hivyo vina thamani kwa anayevipata. Mtoto aliyekuwa akisoma huku amekaa sakafuni hana sababu ya kuchunguza nia ya aliyemletea dawati. Ila uwajibikaji wa taasisi kwa jamii unadai kitu kingine: taasisi ibebe matokeo ya shughuli zake yenyewe, mazuri na mabaya, na itoe hesabu kwa wanaoguswa nayo. Msaada hutolewa na mwenye nacho, kwa kiasi anachotaka, siku anayotaka. Hesabu inadaiwa, na anayedai ndiye anayechagua swali.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa mwongozo wake kuhusu jambo hili Novemba 2010, unaojulikana kama ISO 26000. Unaeleza wajibu wa kijamii kuwa ni wajibu wa taasisi kwa athari za maamuzi na shughuli zake kwa jamii na mazingira. Waandishi wake walisema taasisi kwa makusudi, hawakusema kampuni, hivyo hospitali, chuo kikuu, kanisa, SACCOS, wizara na shirika lisilo la kiserikali vyote vimo. Mwongozo unataja maeneo saba ya kuangalia: uongozi wa taasisi yenyewe, haki za binadamu, hali za wafanyakazi, mazingira, uadilifu katika biashara, haki za wateja, na ushiriki katika maendeleo ya jamii. Picha ya madawati inaingia kwenye eneo la mwisho tu. Kampuni inaweza kujaza madawati katika shule zote za kata na bado ikawa imefeli mitihani sita kati ya saba: vibarua wake hawana mikataba, maji machafu yanaingia mtoni, wauzaji wadogo wanakaa miezi wakingoja malipo yao. Mwongozo huo pia hautolewi cheti, tofauti na baadhi ya viwango vingine vya ISO. Ukiona tangazo la kampuni "iliyothibitishwa ISO 26000", shtuka.

Nani basi mwenye haki ya kuuliza? Hapo wataalamu waligombana kwa miaka mingi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani Milton Friedman aliandika kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida, mradi icheze kwa kanuni, bila hila wala udanganyifu. Meneja ni mwajiriwa wa wenye hisa. Akigawa fedha zao kwa mambo anayoyaona mema, anagawa kisicho chake. Hoja hii hupuuzwa haraka kuliko inavyostahili, maana wapo mameneja wanaojijengea jina, au kujisogeza kwa wakubwa, kwa fedha za watu wengine. Mwaka 1984 mwanazuoni mwingine wa Marekani, R. Edward Freeman, aliupanua uwanja. Kwake mdau ni mtu au kundi lolote linaloweza kuathiri malengo ya taasisi au kuathiriwa nayo: mfanyakazi, mteja, anayeleta malighafi, serikali inayokusanya kodi, na jirani wa upande wa pili wa ukuta. (Kwetu wadau wamegeuka kuwa watu wanaoalikwa kwa barua na kurudishiwa nauli. Jirani wa ukuta ni nadra kupata hiyo barua.)

Jirani huyo ndiye kipimo cha dhana nzima, na Afrika Mashariki ina mfano wake Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato kidogo Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa hapo, sambamba na nyumba za watu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilikuwa chini ya mpango wa EPZ, yaani uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje. Kwa vipimo vilivyozoeleka mambo yalikuwa mazuri: mwekezaji amekuja, vijana wamepata kazi, fedha za kigeni zinaingia. Lakini moshi ulishuka juu ya mapaa na maji ya kiwanda yakapita mtaani. Wakazi wakaanza kuugua, na watoto walipopimwa wakakutwa na risasi kwenye damu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Phyllis Omido kushughulikia uhusiano wake na jamii, kazi ambayo kampuni nyingine ingeiita ofisa wa CSR. Mojawapo ya majukumu yake ya kwanza ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini ikaonyesha kwamba kiwanda kiko karibu mno na watu, naye akashauri kihamishwe. Hakikuhamishwa. Baadaye mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Omido aliacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani, akakamatwa mwaka 2012 kwa kuandamana na hatimaye mahakama ikamwachia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kesi ya wakazi wapatao 3,000 ilifunguliwa mwaka 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo na maji visafishwe, la sivyo zilipwe milioni 700 za kazi hiyo. Mahakama ya Rufani iliiyumbisha hukumu hiyo mwaka 2023 kwa kutaka fidia ikokotolewe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha mahali pake.

Wakazi wa Owino Uhuru hawakuwa na mkataba wowote na kiwanda. Wengi wao hawakukiuzia kitu, hawakununua chake, hawakuwa na hisa hata moja. Udau wao ulitokana na kuvuta hewa iliyotoka kwenye bomba lake, na mahakama ikaona hilo linatosha. Wala hukumu haikuishia kwa mwenye kiwanda. Waliobebeshwa lawama ni pamoja na wizara mbili za serikali, mamlaka ya EPZ, na NEMA, mamlaka ya mazingira iliyopaswa kukagua. NEMA ndiyo iliyopangiwa sehemu kubwa kuliko wote. Kwa hiyo mtu anayedhani uwajibikaji kwa jamii ni habari za wafanyabiashara matajiri peke yao asome hukumu hiyo: mkaguzi asiyekagua naye anadaiwa. Sasa fikiria kama katika miaka ile kiwanda kingechimba kisima na kukikabidhi mtaani kwa sherehe. Ingekuwa habari njema gazetini, na risasi ingeendelea kuingia kwenye damu ileile.

Msamiati wa kutoa hesabu, mwanakijiji wa Tanzania hahitaji semina kuuelewa. Anaujua kutoka mkutano mkuu wa kijiji, pale mtendaji anaposimama kusoma mapato na matumizi. Kwanza taarifa inatolewa mbele ya watu, kwa lugha wanayoielewa. Kisha mtu wa nyuma kabisa ananyoosha mkono na kuuliza mbona saruji ya choo cha shule imenunuliwa mara mbili. Mtendaji analazimika kujibu, na jibu lisiporidhisha mkutano unaweza kuikataa taarifa na kudai ukaguzi. Ondoa hatua yoyote na uwajibikaji umekwisha. Taasisi nyingi huishia kwenye taarifa. Huchapa ripoti ya uendelevu yenye karatasi nzito na picha za akina mama wanaotabasamu, ila hakuna mlango wa kuuliza, na hata ukiuliza hakuna kinachompata aliyekosea.

Kuna wanaojaribu kuyaweka haya kwenye sheria. India, kupitia Sheria ya Makampuni ya mwaka 2013, inazitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa shughuli za kijamii. Ni rahisi kupima, na hapo ndipo penye kasoro yake. Kampuni inayochafua mto na isiyochafua zote hutimiza wajibu kwa kutoa asilimia ileile.

Tanzania ilipita njia nyingine. Marekebisho ya Sheria ya Madini yaliyofanywa mwaka 2017 yanamtaka kila mmiliki wa haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii, ukubaliwe kwa pamoja na halmashauri husika na ufuate vipaumbele vyake. Halmashauri nayo imepewa kazi ya kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi iliyopo kwao. Hatua hiyo ni kubwa: mgodi hauamui tena peke yake kwamba mwaka huu wananchi wanahitaji uwanja wa mpira. Ila sheria ilimtaja mdau kama halmashauri, na kati ya ofisi ya mkurugenzi na kitongoji kinachotikiswa na baruti kuna umbali. Vipaumbele vya makao makuu ya wilaya si lazima viwe vya wanaopata vumbi. Ndiyo maana katika maeneo ya migodi ugomvi kuhusu "fedha za CSR" mara nyingi huwa kati ya wananchi na viongozi wao, na mwekezaji amekaa pembeni akitazama.

Kuna mchanganyiko mwingine unaofaa kuondolewa. Kodi, ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, na mrabaha wa madini (malipo ya mgodi kwa madini unayoyachimba) si hisani, wala si CSR. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayozunguka mgodi. Mkazi wa Kwale aliyeishi jirani na mgodi wa Base Titanium hadi ulipositisha uchimbaji Desemba 2024 alikuwa na haki katika ile 10 kisheria, kando ya zahanati au masomo ambayo kampuni iligharamia. Kiongozi anayemwambia "shukuruni mmejengewa shule" anapoulizwa kuhusu mrabaha anamchanganyia mafungu mawili.

Mashirika ya misaada nayo hayana kinga, ingawa yalichelewa kulikubali hilo. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu, huku mashirika mengi yakiwa yamefika, kila moja na bendera yake na hema lake, mengine bila ujuzi wa kazi yaliyokuja kuifanya. Tathmini ya pamoja iliyochapishwa mwaka 1996 iliyakosoa vikali, na matokeo yake mojawapo yalikuwa mradi wa Sphere ulioanza mwaka 1997 kuweka viwango vya chini vya maji, vyoo, chakula na makazi kwa walioathirika. Kabla ya hapo shirika lilitoa hesabu juu tu, kwa mfadhili wa Geneva au Washington: risiti, ripoti ya robo mwaka, orodha ya mahudhurio. Mama aliyepanga foleni ya maji hakuwa na pa kuuliza. Tabia hiyo haijaisha. Pima shirika lolote lililo karibu nawe: ripoti yake kwa mfadhili ina kurasa ngapi, na wanakijiji linaowasaidia limewasomea nini?

Masanduku ya maoni na namba za simu za bure ni mwanzo tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, zilizopitishwa mwaka 2011, zinataka utaratibu wa malalamiko uaminike na wanaoutumia, ufikike, ujulikane utachukua muda gani, na uwe wazi. Utaratibu ambao kampuni ni mshtakiwa, msikilizaji na hakimu kwa wakati mmoja hauwezi kuaminika, hata fomu zake zikiwa nzuri namna gani.

Kwa anayetaka kuanza kuuliza, sheria zipo. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Nchini Kenya ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi, Tanzania siku 30. Mpango wa CSR wa mgodi, kwa kuwa umekubaliwa na halmashauri, ni waraka ulioko kwenye ofisi ya umma. Ombi huandikwa kwa mkurugenzi, likitaja mwaka na jina la mgodi, na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi hubaki kwa mwombaji.